Tairi za Watu Wawili

Moroni, 14 Novemba 1999

Shemeji yangu Mouzaoir,

Barua hii nimempa Mouridi wa boti, maana posta siku hizi ni bahati nasibu. Barua ya Moroni ikifika kwenu inatazamwa kama ya adui, na ya kwenu ikifika kwetu inatazamwa kama ya msaliti. Mouridi hana upande, ana mizigo tu. Natumai imekukuta mzima, wewe na watoto, na duka bado lina kitu cha kuuza.

Mimi mzima. Bado nakaa kwa dada yangu Thouraya huku Mvouni, chumba kile cha nyuma, na kila asubuhi nateremka mjini kazini. Mwaka wa tatu huu tangu Nzwani ijitenge na sisi watumishi wa Ngazija tuliokuwa Mutsamudu turudishwe Moroni, na kila mwezi ofisini naambiwa mambo yatatengemaa mwezi ujao. Mke wangu Chamsia yuko nyumbani kwake Hombo, na ndiko anakostahili kuwa. Baada ya watu wa Nzwani kupigwa na kufukuzwa hapa Moroni mwezi wa Aprili sina uso wa kumwomba dada yako aje. Na mimi nikija huko bila ruhusa, wewe unajua nitakavyopokewa. Basi tunaishi kwa barua.

Ninachokuandikia ni habari ya tairi. Usicheke.

Binamu yangu Mdahoma wa Marseille anakuja kufanya anda yake, ile harusi kubwa ya kwetu, na katika kontena lake kuna nafasi. Ameniletea kurasa za katalogi nichague tairi za pikipiki yangu, ile Yamaha mia sita iliyopo uani kwa Chamsia. Nimezisoma mpaka karatasi imelainika. Ziko aina tatu. Ya kwanza ina mpira mgumu, inakwenda miaka, lakini ikinyeshewa haikujui. Ya pili ina mpira laini wa watu wa mashindano, inaikamata lami barabara, na mwaka hauishi imeshakuwa kipara. Ya tatu iko katikati: ni ya mtu anayesafiri mbali na bado anataka kulala kwenye kona bila kupiga shahada. Hiyo ndiyo ninayoitaka. Tabu ni kwamba nayo ina michoro miwili. Mmoja una mifereji mingi ya kutoa maji, mwingine una michache na mpira mwingi unagusa barabara.

Nitazamie tairi zilizopo. Zimelika katikati au pembeni? Hapo ndipo nitakapojua barabara ya kwenu inataka nini.

Kisha kuna kazi. Tairi hizi hazina tyubu na kingo zake ni ngumu. Fundi wenu wa sokoni atazivalisha kwa vyuma na ataniumiza rimu. Hapa kuna gereji yenye mashine. Kwa hiyo ukipata neno langu, nifungulie magurudumu yote mawili unitumie kwa Mouridi, nami nitayarudisha yakiwa na tairi mpya.

Na Chamsia asijue. Unaikumbuka ile siku ya mvua tulipoanguka Patsi, akaumia goti. Tangu siku ile alisema hapandi tena mpaka nipate tairi zinazoelewana na mvua. Yeye alisema kwa hasira, mimi nilisikia ahadi. Siku nitakayorudi nataka nimkalishe nyuma nimpeleke Domoni kwa mamake mdogo, na mvua inyeshe ikitaka. Nataka ashtuke kwa furaha, kwa hiyo niapie kwamba hutasema.

Shemeji yako,
Nadhoim


Mutsamudu, 2 Desemba 1999

Shemeji Nadhoim, mpanda pikipiki usiye na pikipiki,

Nimecheka, samahani. Watu wote walioletwa visiwa hivi na wazee wao kutoka Unguja, nani kama wewe? Nchi imekatika vipande, mishahara hatuijui rangi yake, wewe unauliza tairi imelika wapi.

Haya, nimetazama. Ya nyuma imelika katikati, imekuwa bapa. Ya mbele imelika pembeni, upande wa kushoto zaidi. Zote zina nyufa ndogo ndogo kwa kukaa bila kazi. Ushauri wangu wa mfanyabiashara ni uchukue zile ngumu. Petroli haipatikani, unataka tairi ya kukimbilia wapi? Hizo ngumu zitakuzika wewe na zitabaki.

Jambo moja nikwambie kwa sababu yeye hatakwambia. Kila Ijumaa baada ya kupika, Chamsia hutoka uani, huipangusa ile pikipiki kwa kitambaa, huiwasha, huisikiliza kidogo, halafu huizima na kurudi kwenye kofia zake anazoshona. Hajui kwamba nimeona.

Kiapo umepata. Nitangoja aende Domoni ndipo nifungue hayo magurudumu. Lakini kumbuka jirani yake ni Ramlati, na dirisha la Ramlati halina usingizi.

Mouzaoir


Moroni, 9 Januari 2000

Shemeji Mouzaoir,

Idi njema kwenu nyote.

Nimeamua. Nachukua ile ya katikati, yenye mifereji michache. Ulivyonieleza, ya mbele inalika kwenye kona, basi nataka mpira mwingi ugusane na barabara pale pikipiki inapolala. Na nachukua zote mbili za aina moja, maana mbele na nyuma ni pea. Ukichanganya, moja inavuta kwake na nyingine kwake. Nimehakikisha pia kwamba zinabeba uzito wa watu wawili.

Mdahoma anasema kontena litapakiwa karibuni. Fungua sasa. Ipandishe pikipiki juu ya matofali kwanza, legeza mnyororo, na ekseli uipake mafuta isipate kutu. Nati ziweke kwenye mfuko wa nguo, si mfukoni mwako, nakujua.

Chamsia nimemwandikia neno moja ili asikuzuie mlangoni endapo atakuwapo.

Nadhoim


Moroni, 9 Januari 2000

Mama Laïla,

Idi njema. Afya yangu njema. Mwanetu ameniandikia kutoka chuoni Tananarivo, mitihani imemwendea vizuri.

Mouzaoir atakuja kuchukua vitu vyangu hapo nyumbani. Nimemtuma mimi. Mwachie tu, usimuulize kitu, utajua baadaye. Nimefikiri sana kabla ya kuamua na nina hakika utaona nimefanya jambo la maana.

Mumeo,
Nadhoim


Mutsamudu, 11 Februari 2000

Bwana Nadhoim,

Barua yako nimeipata na vitu vyako vimechukuliwa.

Nilikuwa Domoni kwa mama mdogo. Niliporudi nilikuta pikipiki iko juu ya matofali, haina mbele wala nyuma. Nilimuuliza Mouzaoir. Alitazama chini akasema, "Mwenyewe kaagiza." Huyo ni ndugu yangu tumbo moja, na hakuweza kunitazama.

Ramlati alikuwa dirishani magurudumu yakitoka. Kabla ya alasiri Hombo nzima walishajua kwamba mume wa Chamsia anahamisha vyake. Nilikwenda kisimani wakanyamaza, nikaondoka wakaendelea. Wewe hukukulia Ulaya, Nadhoim. Nyumba hii baba yangu alinijengea mimi, na mume huingia na vyake. Siku vyake vinapotoka, hakuna anayehitaji kuelezwa. Mwaka jana vya mume wa Moinaecha vilitoka hivyo hivyo, kwanza redio, kisha kanzu, kisha karatasi ya talaka kutoka Moroni. Nilikuwa nikimwambia wangu si wa namna hiyo.

Umeandika nitajua baadaye. Nimejua sasa. Vitu vya mume vikitoka nyumba moja vinakwenda nyumba nyingine, na sikuulizi ni ya nani.

Lakini sipendi mtu achukue vyake kidogo kidogo, mimi nikae nikihesabu kilichobaki. Nimekufungashia vyote. Kanzu, viatu, msahafu wako, joho la harusi, na juu kabisa kofia niliyokushonea mwaka aliozaliwa Laïla. Mouridi atavitia botini pamoja na hayo magurudumu. Barua hii simpi yeye, maana aliniona nikilia na sitaki anione nikiandika. Nampa bibi mmoja anayekuja huko kwa kupitia Mwali.

Pikipiki nilikuwa nikiiwasha kila Ijumaa. Leo ni Ijumaa na sikuiwasha.

Chamsia


Moroni, 27 Februari 2000

Chamsia,

Nimekwenda bandarini kuchukua magurudumu mawili, nimepewa magurudumu na maboksi. Mouridi hakunitazama usoni. Nilifungua boksi la juu palepale, nikaona kofia yangu na joho langu vimekunjwa vizuri, nikalifunga. Nimetafuta karatasi yako kila pembe. Hukuweka hata mstari mmoja.

Nimekaa nawe tangu tulipokuwa vijana. Tulikutana watoto wawili wa Unguja, mimi Ngazija walinicheka lugha yangu na wewe Nzwani walikucheka yako, na tukaoana tukiongea Kiswahili chetu. Sikujua kwamba mtu anaweza kutolewa nyumbani kwa boti ya mizigo. Kama ni kwa sababu mimi ni mtu wa Ngazija, hilo ulilijua siku ya kwanza. Kama ni maneno ya watu wa Hombo, ungeniuliza.

Sitabishana na mlango uliofungwa. Talaka sikuandikii kwa sababu si mimi niliyeitaka. Ukiitaka, sema.

Boti hii wanasema huenda ikawa ya mwisho, maana kisiwa chenu kinawekewa vikwazo. Naipa barua kwa haraka.

Nadhoim


Mutsamudu, 20 Mei 2000

Shemeji Nadhoim,

Barua hii inapitia Mwali, mkononi mwa Mouridi, ambaye sasa anakwenda kwa njia zake na sitaki kuzijua. Simu zimekatwa, boti za kwenu haziji, petroli inauzwa kwa chupa. Dukani nina kiberiti na chumvi. Lakini sisi wazima.

Sikiliza. Mimi ni mjinga, na wewe umenizidi kidogo tu. Kitu ambacho mwanamume yeyote wa visiwa hivi angekiona kabla ya kushika spana, sisi hatukukiona, kwa sababu tulikuwa tukitazama tairi. Tumetoa vitu vya mume nyumbani kwa mke, mchana kweupe, mume hayupo, na mke hajaambiwa kwa nini. Dada yangu ameamini umemwacha. Ndiyo maana alifungasha vyako. Yeye anasema alikuandikia. Wewe, kwa barua yako ya Februari, yaelekea hukupata kitu.

Hiyo barua yako ya Februari ilifika, na ingekuwa heri ingezama. Aliisoma amesimama. Akaikunja, akarudi kushona. Nikamuuliza umeandika nini, akasema, "Anasema mimi ndiye niliyemfukuza. Anayehama husema hivyo."

Wewe uliniapisha, na kwa bahati mbaya mimi ni mtu wa kiapo. Nilijaribu kumwambia kwa mafumbo, nikasema pikipiki nayo ina haki ya viatu, akaniuliza kama nimekula. Mficha maradhi kifo humuumbua, shemeji. Nifungue mdomo, au andika mwenyewe, na afadhali uandike mwenyewe.

Na usichelewe. Kuna bwana mmoja mjane, mtu wa heshima, anapita kwake kila wiki kuulizia kofia. Ameshanunua tatu, na kichwa anacho kimoja.

Mouzaoir


Moroni, 18 Juni 2000

Mama Laïla,

Kama bado naruhusiwa kukuita hivyo.

Barua yako ya Februari imenifikia mwezi uliopita. Yule bibi uliyempa alikwama Mwali boti ziliposimama, akakaa nayo kwa jamaa zake mpaka alipopata mtu wa kuja Moroni. Ya Mouzaoir ikaifuata siku chache baadaye. Nimezisoma zote mbili nimekaa kwenye ngazi ya Thouraya, na Thouraya akaniuliza nani amekufa.

Sikuhamisha kitu. Nilikuwa nanunua tairi.

Mdahoma anatuletea tairi kutoka Marseille na hapa kuna mashine ya kuzivalisha. Basi nikataka magurudumu, na nikataka usijue. Ulisema siku ile Patsi, umekaa barabarani umeshika goti, kwamba hupandi tena mpaka nipate tairi zinazoelewana na mvua. Tangu siku ile nimekuwa nikizitafuta. Nilitaka nirudi, nikuambie vaa shela yako, nikupeleke Domoni na mawingu yakiwa meusi. Niliiona siku hiyo vizuri sana. Kwa kuitazama sana sikuona dirisha la Ramlati, sikuona kisima, sikukuona wewe ukirudi nyumbani na kukuta matofali. Naona haya, Chamsia, kuliko nilivyowahi kuona haya.

Hakuna nyumba nyingine. Thouraya amenitajia wanawake wawili na nimemwambia akinitajia wa tatu nitahamia ofisini. Miaka hii yote nikiamka asubuhi bado nasikiliza kama umeshafungua mlango wa uani.

Maboksi yako vile vile ulivyoyafunga. Thouraya alitaka kunitundikia kanzu nikamzuia, kwa sababu mtu akitundika kanzu zake mahali, amehamia. Navaa mbili nilizokuja nazo na shati za kazini. Joho litakunjuliwa siku nitakayolivaa kuja kwako, na usiponitaka halitakunjuliwa.

Ile barua yangu ya Februari niliandika nikiwa nimeumia. Ichome.

Tairi bado hazijanunuliwa, Mdahoma ameahirisha anda yake mpaka Desemba. Nimekuwekea humu ukurasa wa katalogi. Nilichagua mchoro wa juu. Ukisema hapana, ni hapana, kwa tairi na kwa mengine.

Nadhoim


Mutsamudu, 10 Septemba 2000

Baba Laïla,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikakasirika, na mara ya pili nikacheka, na sikutaka kucheka.

Tairi si kosa. Kosa ni kwamba jambo la nyumba yangu alilijua Mouzaoir, akalijua Mdahoma wa Marseille, akalijua fundi wa gereji, na mimi mwenye nyumba nikaambiwa nitajua baadaye. Ungenambia tu. Ningeshtuka kwa furaha vile vile, na ningemfungia Ramlati dirisha lake mapema. Nami sikungoja kuuliza. Tangu mlipoondolewa nilikuwa naiogopa siku ya vitu vyako kutoka, nikilala naiogopa, nikiamka naiogopa. Ilipokuja sikuiuliza jina, nilidhani naijua. Barua yako ya Februari nimeichoma kama ulivyosema, na moto nimepikia uji.

Ukurasa nimeusoma. Umechagua tairi ya watu wawili bila kumuuliza wa pili. Mchoro wa juu ni wa mtu anayefikiria kona. Pale Patsi hatukuangushwa na kona. Maji yalikuwa yakikata barabara, gurudumu la mbele likapanda juu ya maji, halikugusa lami. Wewe ulikuwa ukitazama mbele ukijisifu, mimi nilikuwa nikichungulia pembeni yako na nililiona. Mwenye kovu usidhani kapoa. Nataka mchoro wa chini, wenye mifereji mingi, na kama zitaisha mapema zitaisha tukiwa tumefika.

Sasa vitu vyako. Usimpe Mouridi hata kitambaa cha mkono. Vilitoka mchana watu wakiona, vitarudi mchana watu wakiona, kwa mlango wa mbele, na mchukuzi ni wewe. Mouzaoir asishike, mpagazi asishike. Magurudumu nayo utayabeba mwenyewe. Ikiwa ruhusa ya kuja itachelewa, itachelewa, mimi nina nyumba na nina kazi. Wanasema baada ya mazungumzo ya wakubwa kule Fomboni mambo yatalegea. Tutaona.

Yule bwana wa kofia usimtie moyoni. Ya nne nimemshonea inambana.

Ijumaa iliyopita Mouzaoir alinipa petroli kikombe kimoja. Nimeiwasha pikipiki. Ilikohoa, kisha ikakubali.

Chamsia


Moroni, 4 Februari 2001

Shemeji Mouzaoir,

Mdahoma ameoa na tairi zimefika. Ni zile za mifereji mingi. Mafundi wa gereji wamezivalisha kwa mashine na kusawazisha magurudumu, rimu haina mkwaruzo. Nimezikagua sana na nakiri kwamba dada yako alikuwa sahihi: ukimwaga maji juu yake unayaona yakikimbilia pembeni. Nilikuwa nimemwaga ndoo nzima gerejini kabla hawajaniambia niache.

Ruhusa yangu imepigwa muhuri baada ya kwenda na kurudi ofisi nne. Ni likizo ya mwezi mmoja, kisha narudi kazini hapa mpaka uhamisho utoke. Mouridi anasema boti itatia nanga kwenu mwanzoni mwa Machi ikiwa bahari na wakubwa wataelewana.

Njoo gatini ukitaka, lakini mikono yako iweke mfukoni. Nimeamriwa. Wewe tafuta spana, na zile nati nilizokwambia uziweke kwenye mfuko wa nguo. Usinambie kwamba hujui ziliko.

Nadhoim


Mutsamudu, 15 Aprili 2001

Baba Laïla,

Natumai umefika salama na Thouraya amekupa chumba chako cha nyuma bila maneno.

Huku bado wanaisimulia siku ile uliyofika na mizigo yako. Ramlati kila siku anaongeza boksi, juzi yalikuwa sita. Mouzaoir anasema katika umri wake ameona mabwana harusi wengi wakipita kichochoro kile na majoho yao, lakini hajaona aliyebeba gurudumu la pikipiki begani, akalitua mlangoni, akarudi gatini kuchukua la pili, na jasho limemfika kwenye ndevu. Wanaume wa barazani walisimama, na wawili walitaka kukusaidia ukawakatalia. Moinaecha alikuja kuniuliza umefanya kosa gani kubwa hivyo. Nikamwambia umenunua tairi.

Kisimani sasa wananiachia ndoo ya kwanza. Mimi sikuomba.

Mama mdogo anakusalimu kutoka Domoni. Anauliza kama watu wote wa Ngazija hula wali kiasi kile, au ni mvua iliyokutia njaa. Nami nikwambie jambo ambalo sikukwambia siku ile tulipokwenda kwake na pikipiki. Tulipofika Patsi maji yalikuwa yakikata barabara palepale, na nilifumba macho. Nilipofumbua tulikuwa tumeshapita, na tairi haikutikisika hata kidogo. Sikukwambia kwa sababu ungeongeza mwendo.

Habari za uhamisho ukizipata niandikie mimi kwanza, kabla ya ndugu yangu, kabla ya binamu yako, kabla ya fundi yeyote. Ziwe nzuri au mbaya, mimi kwanza.

Kofia yako, ile ya mwaka wa Laïla, umeiacha kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumbani. Nimeiona jioni ile ile boti ilipoondoka, na nilikaa kitandani nikiitazama. Mouzaoir anakuja Moroni wiki hii na alishanyoosha mkono aichukue akuletee. Nimempiga mkono huo.

Usiiulizie. Nakushonea nyingine ya kuvaa huko.

Mkeo,
Chamsia